Ngumi za Upande wa Kushoto

12 Januari

Dada yangu,

Mimi ni mzima, na naamini barua hii itawakuta wazima. Mama mfikishie shikamoo yangu, na umwambie habari za goti lake nimezisikia. Aache kupanda ngazi kuanika nguo juu ya paa, hizo nguo hata zikianikwa chini zitakauka. Shemeji msalimie sana. Wapwa wangu waambie mjomba anawakumbuka. Wifi yako hajambo, bado anafundisha darasa la pili, na bado anaongea na mimi nyumbani kana kwamba mimi ni wa darasa la pili. Binti yetu ameota meno yote mawili ya mbele na sasa anauma kila kitu, pamoja na glavu zangu.

Habari kubwa unayo tayari kama redio yenu ilikuwa na betri. Nimeshinda! Raundi nane, kwa pointi. Mkono wa kulia, ule uliovunjika mwaka juzi, umetulia kabisa. Pumzi ninayo. Kocha alinikumbatia mpaka nikaomba aniachie. Ng'ombe hazeeki maini, dada, na wale waliosema Nyundo amepata kutu wameanza kunisalimia tena barabarani.

Mwezi wa sita nagombea ubingwa. Raundi kumi. Mpinzani wangu wanamwita Upepo, ana miaka ishirini na tatu, amepigana mara kumi na nne na hajawahi kukaa chini. Atakaa.

Sasa kuna jambo dogo. Kamati ya ndondi imeleta sheria mpya: bondia aliyepita miaka thelathini na tano lazima akapimwe macho na kichwa hospitali kubwa kabla ya kupigania ubingwa. Mimi kwenye karatasi zao nina thelathini na nne, unakumbuka tulivyoandika wakati ule. Wanataka cheti cha kuzaliwa. Kisipokuwepo, inatosha ndugu wa karibu aandike kwa karani kwamba kilipotea, na ataje mwaka. Wewe andika tu kwamba kilipotea tulipohama, utaje mwaka ule wa kwenye karatasi. Ni mistari miwili. Usimsumbue Mama na jambo hili.

Wako yule yule,
Pacha wako


2 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako imefika, tukaisoma mara tatu: mara moja kwa Mama, mara moja kwa watoto, na mara ya tatu mimi peke yangu. Hatujambo. Goti la Mama linapanda ngazi kama kawaida, maana mwenye goti haambiliki. Shemeji yako amehamishiwa zamu ya asubuhi huko kiwandani, kwa hiyo sasa anarudi mapema na kukosoa mapishi. Kazini kwangu ni msimu wa sare za shule, kola na vifungo mpaka unaota kola na vifungo.

Hongera kwa ushindi. Redio ilikuwa na betri. Mtangazaji alisema mara nyingi, "Ameupokea tena mkono wa kulia wa mwenzake." Nilihesabu mpaka kumi na moja, nikaacha.

Halafu kuna gazeti. Muuza vitambaa alitufungia vifungo kwa gazeti, nikalifungua, nikakuta ni wewe. Nikalinyoosha kwa pasi. Kwenye picha ile ngumi ya mwenzio inakuja, na wewe umegeuza uso mzima kuelekea kushoto, kama kuku anayetazama punje kwa jicho moja. Nimekujua tangu tumboni, sijawahi kukuona ukitazama kitu hivyo. Ulikuwa unatafuta nini?

Kuhusu umri: mimi ndiye niliyekutangulia kwa dakika ishirini. Kama wewe una thelathini na nne, na mimi ninayo hiyo hiyo. Basi tulianza darasa la kwanza tukiwa na miaka mitatu, na yule mwalimu aliyekuchapa kwa kupigana alikuwa anachapa mtoto wa kubebwa mgongoni. Nashukuru kwa kunirudishia ujana, lakini magoti yangu hayajapata taarifa.

Nitatafuta hiyo karatasi.

Dada yako


20 Februari

Dada,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Wifi yako amepata mafua akayamaliza. Mimi nakimbia kila asubuhi kilomita nane, nikirudi naloweka mkono kwenye beseni la maji ya moto, halafu nakwenda klabu. Klabu wamepaka rangi mpya, kijani, tunaonekana wote kama wagonjwa wa tumbo. Kocha anasema nina mwili wa mtu wa miaka ishirini na tano. Sijamuuliza ameuona wapi.

Umenifurahisha sana na habari za darasa la kwanza. Nimemsomea wifi yako akacheka hadi akakaa.

Lakini mbona mwandiko wako umekuwa mkubwa hivyo? Barua ya ukurasa mmoja umeijaza kurasa nne. Unaniandikia mimi au unaandika bango la duka?

Usitafute cheti, dada. Nilikuomba uandike kwamba kimepotea. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Kamati imenipa mpaka mwisho wa mwezi wa tano. Tafadhali fanya haraka.

Pacha wako


9 Aprili

Mdogo wangu,

Naomba radhi kwa kukaa wiki saba bila kukujibu. Sikuwa mgonjwa, na barua yako haikupotea. Mama hajambo, watoto hawajambo.

Nilikwenda kwa karani. Ni mtu mpole, ana kimeza kidogo kilichokaa kwenye miguu mitatu na tofali. Akaniuliza, "Ndugu yako amezaliwa mwaka gani?" Nikamtajia ule mwaka wako wa kwenye karatasi. Akaandika. Akaniuliza, "Na wewe ni nani wake?" Nikasema, "Pacha wake." Akaandika. Akaniuliza, "Na wewe umezaliwa mwaka gani?" Nikamtajia wangu, maana ulimi ulishazoea.

Akaweka kalamu chini. "Mama," akasema, "huyu mama yenu alipumzika miaka minne katikati ya kujifungua?"

Nilicheka, naye akacheka, mpaka watu waliokuwa kwenye foleni wakachungulia. Kisha akaandika karatasi nyingine bila kuweka umri wangu, akanisogezea nitie sahihi. Nikaishika kalamu yake. Mdogo wangu, sikuweza. Nilikaa pale mpaka aliyekuwa nyuma yangu akakohoa, ndipo nikamrudishia kalamu, nikaondoka.

Cheti nilikuwa nacho muda wote, kwenye sanduku la Mama, chini ya shuka za wageni. Chako na changu vimekunjwa pamoja. Changu nimekibakiza, chako ndicho hiki, nimekifunga na karatasi ngumu kisijikunje. Sikumpelekea daktari wala mtu wa kamati, na sitampelekea. Kukichana unaweza. Unaweza pia kusema hakijakufika, posta inapoteza vitu kila siku na mimi sitakukana. Lakini mimi kuandika kwamba hukuzaliwa siku ile niliyozaliwa, hapana.

Habari za kichwa ulichokigeuza sikuulizi tena. Nilipouliza, uliniandikia kuhusu rangi ya klabu.

Dada yako


18 Aprili

Dada,

Nimepokea. Nakushukuru kwa kunimalizia kazi ambayo Upepo angehangaika nayo raundi kumi.

Mama msalimie.


6 Mei

Mdogo wangu,

Sisi ni wazima, isipokuwa mimi nilikuwa na jambo ambalo sikukwambia. Nakwambia sasa kwa sababu umenikasirikia, na mtu akishakasirika hakuna cha kupoteza tena.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana sindano ya cherehani ilinipita kwenye kidole cha shahada. Ilizama upande mmoja ikatokea wa pili, na uzi wake. Nikasema mashine ni mbovu. Fundi wa mashine akaja, akaifungua yote, akaifunga, akasema haina tatizo. Nikasema basi taa ni hafifu. Wakanihamishia dirishani. Mwezi wa kwanza nikapindisha kola arobaini kwa asubuhi moja, nikasema kitambaa ni cha hovyo. Msimamizi wetu, yule mama mnene asiyecheka, hakugombana nami. Aliniondoa tu kwenye mashine akanipeleka kwenye meza ya kukunja na kufunga, pamoja na wasichana wa mafunzo. Miaka kumi na tisa kwenye cherehani, leo nakunja mashati!

Nyumbani sikusema. Nilikuwa narudi nikisema leo nimeshona hivi na hivi. Wewe uliuliza habari za mwandiko, nikapita kama sijasikia.

Siku niliporudi kutoka kwa karani nilikaa na vyeti vyetu viwili, na nikaona nimevishika mbali, mkono umenyooka kabisa, ndipo maandishi yakasomeka. Nikajicheka. Mimi niliyekuwa nakuhukumu kwa kusema uongo nilikuwa navaa uongo huo huo, umbo tofauti tu. Jumatatu iliyofuata nikaenda kwa daktari wa macho. Ilichukua muda wa kunywa chai. Sasa nina miwani. Mama anasema nafanana na hakimu. Nimeona nyumba yangu kwa mara ya kwanza baada ya miaka, na kwa kweli ni chafu. Nimerudishwa kwenye mashine Alhamisi, na yule mama asiyecheka alicheka.

Basi. Huo ndio uongo wangu, umeisha. Sikuulizi chochote. Ukitaka kuendelea kukasirika, endelea, mimi nipo.

Dada yako, mwenye macho manne


28 Mei

Dada yangu mpendwa,

Wifi yako na binti wanakusalimu. Mama shikamoo. Kaa chini kwanza, hii ni barua ndefu, na usimsomee Mama mpaka uimalize mwenyewe.

Jicho langu la kushoto halioni vizuri tangu mwaka jana mwezi wa tisa. Lilianza na vidoa vinavyoelea, kama wadudu. Halafu vimulimuli pembeni hata nikiwa gizani. Halafu kikaja kivuli, kama pazia linalovutwa kutoka pembeni kuja katikati, kila mwezi kidogo. Lile bango la herufi la kupimia macho pale klabu nililikariri. Mpaka leo naweza kukusomea mstari wa mwisho nikiwa nimefumba macho yote mawili.

Umeniuliza nilikuwa natafuta nini kwenye picha ile. Nilikuwa naitafuta ngumi. Nilishinda pambano la Januari kwa kutazama miguu. Mkono hudanganya, lakini mtu hawezi kupiga kulia kwa nguvu bila kusukuma kisigino cha kulia. Basi nilikuwa namwangalia kisigino kwa jicho zima, kikiinuka nainamisha kichwa na kuomba. Nyingine zilipita juu. Zile kumi na moja ulizohesabu hazikupita, na baada ya hapo zilikuja nyingine ambazo hukuhesabu.

Na mkono haujapona. Kila nikiutupa ni kama kugonga mlango kwa kidole chenye jipu. Kwa raundi nane niliutupa mara sita tu, na mbili kati ya hizo ni kwa sababu nilisahau. Muda mwingi nilikuwa namkumbatia na kumlalia begani, abebe uzito wangu, achoke yeye badala yangu. Watu wakaita huo uzoefu. Ni uzoefu kweli, lakini ni uzoefu wa mzee anayejua viti vyote vya kupumzikia njiani.

Na umri nao, dada. Zamani nikiona nafasi, mkono ulikuwa umeshafika. Siku hizi naona nafasi, nafikiri, natuma mkono, mkono unauliza njia, na ukifika nafasi imeshafungwa.

Cheti ulichonitumia nilikaa nacho mfukoni karibu mwezi. Nilikuwa na hasira na wewe ya kweli, nikijiambia ndugu gani huyu. Barua yako ya miwani ilipofika niliisoma nikaitupa mezani, nikaenda mazoezini nikiwa nimekunja uso.

Kocha siku hiyo alivaa pedi mikononi, zile za kupokelea ngumi. Anainua, napiga. Kulia, kushoto, kulia. Halafu akasimama. Nikasimama na mimi, nikisubiri ainue nyingine. Nikasubiri. Yeye ananitazama tu. Nikasema, "Mzee, inua basi, mwili unapoa."

Akasema, "Nimeinua."

Nikageuza kichwa kushoto. Pedi ilikuwa hapo, dada, kando ya sikio langu, karibu kiasi cha kunigusa. Mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka kwa kuushikilia juu. Sijui alikuwa ameuweka hapo kwa muda gani.

Hakunigombeza. Alivua pedi zote mbili, akaziweka kwenye benchi, akanifungulia glavu kamba moja moja kama ananivua baada ya pambano. Akasema, "Nimekujua miaka kumi na sita, na nilikuwa naogopa kukuuliza." Nikamwambia, "Na mimi nilikuwa naogopa uniulize." Tukakaa pale kwenye ile rangi ya kijani kama wagonjwa wawili.

Kesho yake nikakitoa cheti mfukoni, nikaenda nacho hospitali mwenyewe, bila kusubiri kamati. Daktari ni mwanamke kijana, sauti ndogo. Aliniwekea dawa jichoni, akanimulika muda mrefu mpaka nikaanza kuhesabu pumzi zake. Kisha akasema utando wa nyuma ya jicho umechanika na unabanduka, kama karatasi ya ukutani iliyoingiwa na maji. Haujafika katikati. Kabla haujafika, unarudishwa kwa upasuaji. Ukishafika, hakuna awezaye kuahidi kitu. Nikamuuliza, "Nikipigana kwanza, halafu nije?" Akavua glavu zake, akasema, "Kaka, ukipigana kwanza, usije. Hakutakuwa na cha kufanya."

Akaniambia pia kwamba hata baada ya kupona, ulingoni sirudi tena.

Sasa nataka nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu, hata wifi yako. Nilitoka pale, nikakaa kwenye ukuta mfupi wa maegesho, nikasubiri kulia. Nilijua lazima nitalia, miaka kumi na tisa si mchezo. Kilio hakikuja. Kilichokuja ni kicheko. Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nina mtu wa kunipeleka nyumbani. Dada, nilikuwa mwepesi! Mwili wote ulikuwa kama mtu aliyetuliwa gunia. Sikutakiwa tena kupigana na Upepo. Sikutakiwa tena kutazama visigino. Nikaona aibu kwa furaha ile, bondia mzima anafurahi kuambiwa basi, na aibu yenyewe haikuweza kuizima.

Upasuaji ni Jumanne. Nitachukulia kwamba wewe ndiye uliyenipeleka, hata kama ulikataa kunipeleka.

Nisamehe ile barua ya mistari miwili.

Pacha wako


4 Juni

Mdogo wangu, mdogo wangu,

Naandika nikiwa kazini, karatasi nimeiweka juu ya kola, kwa hiyo nisamehe. Barua yako imefika leo asubuhi nikiwa bado nyumbani, na Jumanne ilikuwa jana. Sijui umeamkaje. Nimemwambia msimamizi kwa nini nalia, akaniambia niandike kwanza, mashati yatasubiri.

Mama nimemsomea. Najua ulichosema, lakini alikuwa ameshaiona sura yangu. Nikaogopa atalia. Hakulia, akasema niandike haya, neno kwa neno:

"Mwambie kwamba sijawahi kusikiliza pambano lake hata moja. Redio ikiwashwa mimi natoka, nakwenda kukaa kwa jirani, tunaongea habari nyingine. Nikirudi nikimkuta dada yake anapika, najua ameshinda. Nikimkuta amekaa, najua amepigwa. Mwambie miaka kumi na tisa nimekuwa nikiingia nyumba yangu mwenyewe kwa kuchungulia. Sasa nitaingia kama mwenye nyumba."

Kisha akaenda kuanika nguo. Juu ya paa. Sikumzuia.

Aibu ya nini, wewe? Mtu aliyebeba maji tangu kisimani akifika nyumbani akatua ndoo, anaona aibu kwa sababu shingo imepata nafuu? Na ile barua ya mistari miwili usiiombee radhi. Ilikuwa barua yako ya kwanza ya kweli mwaka huu.

Mwambie wifi aandike mara moja, hata neno moja.

Dada yako


17 Juni

Kwa dada yangu (mkono unaoandika ni wa wifi yako, maneno ni yangu, asipoyabadilisha),

Salamu kwenu wote. Mimi naendelea vizuri. Jicho limefungwa. Wameweka ndani yake kitu kama povu la hewa linalousukuma ule utando urudi ukutani, kwa hiyo sharti nilale kifudifudi siku kumi na nne. Leo ni ya kumi na nne. Nakula nikitazama sakafu. Naongea na watu kwa kutazama viatu vyao. Nimejua kwamba jirani yetu ana soksi moja tu nzuri.

(Wifi, ni mimi. Analalamika kama mtoto. Jana alitaka kugeuka kidogo tu aone nani amepita nje. Nimemwambia akigeuka namwandikia adhabu ubaoni.)

Mwambie wifi yako aandike ninayosema. Pambano la ubingwa lilifanyika Jumamosi mchana. Waliweka bondia mwingine badala yangu. Nililisikiliza redioni, uso kwenye mto. Upepo alishinda raundi ya sita. Mtangazaji alisema mara moja tu jina langu, akasema Nyundo amejitoa kwa sababu ya jicho, akaendelea na mengine. Nilidhani neno lile litaniuma. Nilisubiri liniume. Halikuuma sana. Liliuma kiasi cha kung'oa nywele.

(Si kweli. Aliniomba nizime redio. Halafu akaomba uji, akanywa mabakuli mawili, akalala mchana wote, akakoroma. Tangu nimeolewa naye hajawahi kulala mchana siku ya pambano, liwe lake au la mtu mwingine. Nilikaa pembeni namsikiliza anavyokoroma. Wifi, sikujua nilikuwa nimebana pumzi kiasi gani. Yeye hajui nimeandika haya. Nimemwambia naandika anwani.)

Kesho kutwa wanafungua. Daktari hajaahidi. Amesema tu kwamba hana wasiwasi, na ni mtu asiyesema ovyo.

Asante kwa maneno ya Mama. Wifi yako aliyasoma akashindwa kumaliza, ikabidi amalizie baadaye.

Pacha wako, na wifi yako


11 Agosti

Dada yangu,

Mpaka utakapoipata hii, salamu zangu zitakuwa zimechelewa wiki mbili, lakini usiseme nimenyamaza kwa ubaya. Nilikatazwa kuandika na kusoma mpaka mwanzo wa mwezi huu. Sisi wote wazima. Mama shikamoo. Shemeji mwambie barua yake nimeipata na mfano wake wa gari bovu nimeuelewa, ingawa mimi si gari. Binti yetu sasa anatembea, yaani anakimbia, hatua ya kutembea aliiruka.

Kama wifi yako alivyokuandikia waliponifungua, jicho linaona. Si kama zamani. Mistari iliyonyooka inapinda kidogo, mlango unaonekana umelewa. Lakini pazia limeondoka. Nimekwenda kamati nikawapa cheti na karatasi ya daktari, na nikawaambia mwenyewe kwamba umri niliodanganya niliudanganya mimi. Mwenyekiti alinitazama, akasema, "Tulikuwa tunajua, tulikuwa tunasubiri uzeeke kwa hiari." Wameniandikia barua ya kustaafu kwa heshima. Kocha anataka nianze kumsaidia na wanafunzi wapya mwezi wa tisa, kushika pedi tu, kwa mkono mzima. Nimekubali.

Lakini sikukaa kukuandikia kwa ajili ya hayo. Nataka nikwambie aliyekuja Jumapili.

Tulikuwa tumemaliza kula. Mlango ukagongwa, wifi yako akafungua, akarudi na macho makubwa. Nyuma yake amesimama kijana mrefu, ameinama asigonge kichwa, ana mfuko wa machungwa. Upepo.

"Shikamoo, kaka," akasema.

Nikaitikia. Nikamkaribisha kiti, akakalia ukingo wake, kama mtu aliyeitwa ofisini. Nikampa pongezi za ubingwa. Akashukuru. Tukaongea habari za barabara, za joto. Wifi yako akaleta chai. Kijana akaikoroga kwa kijiko mpaka ikapoa, hakuinywa.

Mwisho nikamwambia, "Kijana, umekuja na jambo. Liseme, mimi siwezi kukupiga tena."

Hakucheka. Akasema, "Kaka, nilijua."

"Ulijua nini?"

"Jicho. Tulilitazama pambano lako la Januari, mimi na kocha wangu, lilirekodiwa. Akaniambia mzee huyu haoni kushoto, angalia anavyogeuza kichwa. Akaniambia raundi zote kumi nipige hapo hapo, kulia tu, mpaka lifunge. Miezi mitatu mazoezi yangu yalikuwa hayo. Kulia, kulia, kulia. Aliweka alama ya chaki kwenye begi la kupigia ngumi, upande wa jicho lako."

Wifi yako alikuwa amesimama na sahani mkononi.

"Ni kazi," nikamwambia. "Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo."

"Najua ni kazi," akasema. "Lakini baba yangu haoni, kaka. Haoni kabisa, tangu nikiwa mdogo. Mimi ndiye niliyekuwa namshika mkono kwenda naye sokoni. Kila nikipiga ile chaki nilikuwa namuona yeye. Sikumwambia mtu, wangesema bondia gani huyu. Siku waliponiambia umejitoa, nilikwenda bafuni nikafungulia maji ili wasinisikie ninavyocheka. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi kupewa mkanda. Nimekuja kukushukuru kwa kuniondolea ile kazi."

Dada, mimi niliyekuwa naona aibu kwa kicheko cha kwenye ukuta wa maegesho, nikamtazama kijana yule mwenye mabega kama mlango, machozi yamemjaa. Nikamsukumia kikombe. Nikamwambia anywe chai. Akanywa yote kwa mkupuo, imeshakuwa baridi, na wifi yako akaenda kumwongezea haraka ili apate sababu ya kugeuka.

Baada ya hapo tuliongea kama watu. Anaongea sana akishaanza. Akala machungwa yake mwenyewe manne. Halafu akaniuliza swali lililokuwa limemkaa rohoni: nilishindaje lile pambano kwa jicho moja na mkono mmoja? Kocha wake hajaweza kumwelezea.

"Simama," nikamwambia.

Wifi yako akapiga kelele kwamba hii ni sebule. Tukasogeza meza, akabeba vikombe, akambeba na binti, wakasimama mlangoni kututazama. Nikamfundisha kisigino. Nikamwonyesha namna ya kumlalia mtu begani, akacheka, akasema nina uzito wa jokofu. Nikamwonyesha jinsi anavyojisaliti yeye mwenyewe, maana bega lake la kulia huzama kidogo kabla hajapiga, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Kisha nikamwambia, "Haya, nipige kulia. Polepole. Hapa kushoto."

Akasita. Akamtazama wifi yako. Wifi yako akanitazama mimi.

"Polepole," nikamwambia. "Nataka kujua."

Akainua mikono. Nikabaki nimetazama mbele, kichwa sikukigeuza, na visigino vyake sikuviangalia kabisa. Bega lake likazama, mkono ukatoka, na kwa jicho lile lile nikauona. Niliuona tangu kwenye bega, ukapinda kidogo njiani kama kila kitu kinavyopinda sasa, ukakua, ukaja, mpaka vidole vyake vilipogusa shavu langu taratibu kama mtu anayepima joto la mtoto.

Niliuona wote, dada.

Pacha wako